Jiwe Lililonuka Kitunguu Saumu

Baba yangu mdogo ni mponda mawe. Si kwa adhabu, ni kwa ajira. Mgodi wa madini ya manganizi ukitaka kujua jiwe lake lina nini, kwanza linapita mikononi mwake. Analivunja, analisaga mpaka liwe unga, ndipo unga unakwenda maabara. Wenzake wanamwita Nyundo. Mke wake, mama yangu mdogo, humwita majina mengine, kutegemea ameamkaje.

Nyundo alikuwa na ujanja wake wa kazi. Jiwe likiwa bishi halibembelezi. Analiweka kwenye jiko la mkaa mpaka liwake, kisha analimwagia maji baridi. Linapasuka lenyewe, mgongo wake unapumzika. Miaka yote ujanja huo haukumdhuru mtu.

Kisha wachimbaji wakafikia ufa mwembamba katika mwamba. Ndani yake mlikuwa na fuwele nyeusi, ndogo kama punje za mtama, zimekaa katikati ya madini meupe ya chokaa. Zenyewe dhaifu, ukizisugua kwenye kigae zinaacha alama ya kahawia. Lakini mwamba uliozikumbatia ulikuwa mgumu kama kichwa cha Nyundo. Akaletewa ndoo nzima ya vipande vyake. Akawasha jiko.

Nyumbani hali ya hewa ikachafuka. Mama mdogo hapiki kitunguu saumu, tumbo lake halikitaki, na hakijawahi kuvuka mlango wa jikoni kwake. Sasa mumewe anarudi shati linanuka kitunguu saumu, pumzi ndiyo usiseme, na chakula anakisukuma pembeni eti tumbo linamsokota.

"Nani anakupikia?"

"Mke wangu, unanipikia wewe tu."

"Mimi kitunguu saumu nakiweka wapi? Kwenye chai?"

"Labda ni mkaa."

"Mkaa wa kukaangia nini?"

Baba mdogo akaapa kwa kila alichokijua. Kadiri alivyoapa, ndivyo alivyoonekana mwongo. Mama mdogo akamhamishia mto wake sebuleni na kumwambia kwamba akimpata huyo mpishi, ndoa imekwisha.

Kesho yake mchana akavaa viatu vyake vya kutembelea haraka, akaenda mgodini. Mlinzi wa getini alimtazama usoni mara moja, akafungua bila kuuliza. Kwenye korido harufu ile ile ikampokea. Akasukuma mlango wa chumba cha kupondea.

Nyundo alikuwa amechuchumaa, anapuliza mkaa.

"Yuko wapi?"

"Nani?"

"Anayekukaangia."

Akaangalia nyuma ya mlango. Akaangalia chini ya meza. Akainamia jiko, akakuta mawe.

"Unakaanga mawe," akasema taratibu, kama mtu anayempa mgonjwa habari zake.

Mpimaji wa maabara, binti mpole aliyekuwa akipita, alisikia sauti akachungulia. Harufu ilipomfikia, upole ukamtoka. Akawavuta wote wawili kwa nguo mpaka uani.

"Baba, hilo jiwe lina aseniki. Ikichomwa inanuka hivyo. Hiyo ni sumu unayovuta."

"Mimi nilidhani mnakaanga chakula huko kwenu," akasema Nyundo.

"Na sisi tulidhani ni wewe."

Nyundo alikaa hospitali mpaka tumbo likatulia na ganzi ikamtoka vidoleni. Daktari alisema angeendelea na jiko lile kidogo tu, tungekuwa tunazungumza mengine. Maabara nayo ikapata jina la fuwele zile: armangaiti, madini ya manganizi na aseniki, adimu kiasi kwamba sehemu yanakopatikana duniani ni za kuhesabu. Watu husafiri mbali kuyaona. Nyundo aliyachoma kama mahindi.

Siku hizi chumba chake kina feni ya kutoa hewa na mashine ya kuvunjia. Jiko liliondoka, mto ukarudi chumbani.

Akirudi kazini hasubiri kuulizwa. Anasimama mlangoni, anainua mikono kama anayepekuliwa.

"Nusa, mke wangu."

Mama mdogo ananusa kola, ananusa kwapa, anakunja uso.

"Jasho tupu."

"Asante," anasema baba mdogo. Kila siku anasema asante, na sijawahi kumsikia akilisema neno hilo kwa mzaha, yeye ambaye hutania mpaka msibani.