Mwashi Asiyedai

Fundi wa Kibaniani alikijengea kisima cha Mbalizi ukuta bila kudai hata chai, akipangusa kila tofali kwa kiganja kabla ya kulilaza. Mwanahawa, ambaye kiwanja chake kilipakana na kisima, alimchungulia kupitia ua wa matete.

"Hivi fundi, unatafuta nini hasa? Kiwanja changu siuzi."

"Dini yangu inaniachia kazi tu, mama. Malipo hayanihusu."

Siku ya ufunguzi mwenyekiti wa tawi la chama alijitapa kuwa kisima ni jasho lake, akapigiwa vigelegele. Mwanahawa akamkazia macho fundi, akingoja hasira imuumbue. Fundi alikuwa ameinama, anasuuza mwiko.

"Kamba ya ndoo imelika, mama. Nitaleta nyingine."

Mwanahawa akaingia ndani, akakomea mlango. Laiti angedai chochote, angalau angejua la kumkatalia.