Rangi ya Kucha Kwenye Nati

Shangazi yangu ni fundi wa kabureta za magari ya zamani. Huko mlimani hewa ni nyepesi, kwa hiyo petroli inayotosha bondeni huwa nyingi mno. Injini hupaliwa na kutoa moshi mweusi. Dawa yake ni kugeuza nati moja iliyo chini ya kabureta ili mafuta yapungue. Gari likipunguziwa hukohoa kidogo bondeni, lakini juu hutulia. Akimaliza, Shangazi hupaka tone la rangi nyekundu ya kucha kwenye nati. Ikiguswa tu, rangi hupasuka.

Jumamosi ile mwalimu mstaafu, mwenyekiti wa chama cha wenye magari ya zamani, alipanda mlima kulijaribu gari lake ambalo Shangazi alikuwa amelirekebisha. Likifika salama, Shangazi angepewa magari yote kumi na mawili ya chama. Saa tano asubuhi mwalimu akapiga simu: gari limezima kabla ya kufika kileleni.

Mimi na Shangazi tulimkuta amekaa juu ya jiwe, amekunja uso.

"Niliambiwa kazi hii haitaki mikono ya kike," alisema. "Nikabisha. Ona sasa!"

 Shangazi aliinama ndani ya boneti na kioo chake kidogo. Rangi ilikuwa imepasuka katikati. Akainuka, mishipa ya shingo imemtoka, akampigia kaka yake mkubwa, yaani baba yangu, anayeshirikiana naye gereji. Akaweka spika.

"Kaka, nati ya gari la mwalimu umeigusa?"

"Aa, nilikurekebishia kidogo, mdogo wangu. Lilikuwa linakohoa pale getini, watu wanatuangalia. Aibu!"

"Nilikuomba?"

"Sasa hasira za nini? Si mimi niliyekufundisha kushika spana?"

"Ulinifundisha. Kuharibu kazi ya mtu halafu ukakaa kimya, hilo umejifunza peke yako."

Akakata simu baba bado anasema "sikiliza". Akafuta masizi kwenye plagi, akarudisha nati alipoiacha mwanzo. Gari likawaka, likatulia, moshi hakuna.

Mwalimu alicheka. "Kumbe ni kaka yako! Basi yameisha, mama."

"Hayajaisha. Ulisema nini kuhusu mikono?"

Mwalimu akatazama viatu vyake. "Nisamehe, fundi."

Shangazi alitoa kichupa, akapaka tone jipya.

"Hayo kumi na moja yaliyobaki uyalete nyumbani kwangu," alisema. "Gereji nimemwachia mwenye aibu zake."