Krimu ya Ganzi

Fadhila Bashiru alijifunza kung'oa nywele kwa nta kutoka kwa mama yake mdogo, akiwa na miaka kumi na tisa. Alipofika thelathini na mbili alikuwa na saluni yake Buswelu, yenye vioo viwili na kitanda nyuma ya pazia, na maharusi walimfuata hata kutoka Usagara. Sababu ilikuwa moja tu: kwa Fadhila hawakuumia. Kabla ya nta aliwapaka krimu ya ganzi kwapani, akangoja kidogo, akaifuta. Aliinunua sokoni, kwenye kopo jeupe lisilo na lebo.

Mteja mmoja mfamasia aliwahi kumwonya. "Dada, hiyo ni dawa, siyo mafuta. Inapenya ngozi inaingia kwenye damu. Paka sehemu ndogo tu, usiifunike, na penye mchubuko usiguse kabisa."

Fadhila aliitikia, akaendelea kumsuka nywele.

Jumatano moja asubuhi alikuja Evelina, mwalimu wa chekechea, pamoja na dada yake Rose. Harusi ilikuwa Jumamosi. Evelina alitaka miguu yote, mikono na mgongo, naye alikuwa mwoga wa maumivu. Tena jana yake alikuwa amejisugua kwa dodoki mpaka ngozi ikachubuka.

"Nipake nyingi, da Fadhila."

Fadhila alimpaka kuanzia mapajani hadi vifundoni, kisha mikono na mgongo, akamviringishia nailoni ili dawa ishike upesi. Akatoka kumsuka Rose. Saa nzima ikapita.

"Da Fadhila," Evelina aliita kutoka nyuma ya pazia, "mbona ulimi umekufa ganzi? Na masikio yanavuma."

"Ndiyo dawa inashika, mdogo wangu. Tulia."

Haukupita muda, kitanda kikaanza kugonga ukuta. Fadhila alipovuta pazia, Evelina alikuwa akitetemeka mwili mzima, macho yamegeuka, midomo imekuwa ya bluu. Fadhila aliichana ile nailoni, akaisukuma chini ya kitanda, akamfuta ovyo ovyo kwa taulo. Yeye na Rose wakamfunga kitenge, wakambeba mpaka kwenye bajaji.

Hospitalini daktari aliuliza, "Amekula nini? Amepakwa nini?"

Rose, aliyesikia neno dawa tu bila kujua ni ipi, akamtazama Fadhila.

"Mafuta tu, daktari," Fadhila alisema. "Mafuta ya nazi."

Daktari akaingia ndani, wakaanza kumtibu kama mgonjwa wa kifafa. Degedege lilitulia, likarudi. Kwenye benchi Rose alimshika Fadhila mkono, machozi yakimtiririka. "Asante, dada. Bila wewe tusingefika."

Fadhila aliuchomoa mkono wake. Karibu nusu saa ilikuwa imepita. Aliinuka, akasukuma mlango wa chumba alimotibiwa Evelina, ingawa waliambiwa wasiingie.

"Nilimpaka ganzi. Karibu mwili mzima. Nikamfunika na nailoni."

Daktari hakumgombeza. Aliagiza aoshwe ngozi mara moja, akapiga simu kutafuta dawa ya kuokoa mtu aliyezidiwa na ganzi. Pale haikuwapo. Gari lililotumwa kuifuata lilikuwa bado njiani moyo wa Evelina uliposimama.

"Ningesema mwanzoni, angepona?" Fadhila aliuliza.

"Labda," daktari alisema. "Sijui. Siwezi kukudanganya."

Fadhila alikwenda polisi mwenyewe, kopo la krimu mkononi. Alifungwa miaka miwili. Alipotoka hakurudi Buswelu. Alihamia kwa mama yake ng'ambo ya ziwa, Kamanga, akawa anakaanga mihogo karibu na kivuko. Ilimchukua miezi minne kupata ujasiri wa kuvuka kwenda kwa wazazi wa marehemu.

Mzee Luhaga, baba yake Evelina, alikuwa amekaa kibarazani. Fadhila alipiga magoti.

"Shikamoo, baba."

"Marahaba," mzee alisema, kisha akainuka, akaingia ndani, akafunga mlango.

Rose ndiye aliyetoka. Alisimama mbali, amejikumbatia.

"Pale kwenye benchi, hospitalini," alisema, "nilikushukuru. Hilo ndilo siwezi kulimeza. Nenda, dada. Usirudi tena."

Fadhila aliinuka, akajipangusa vumbi magotini, akaondoka.