Utaenda Kindu kwa Nani?

Tangu nilipofaulu egzeta, mtihani ule wa serikali wa kumaliza sekondari, sikuweza kukaa kitako. Nilizunguka uwanja wetu pale Wamaza kama kuku anayetafuta pa kutagia. Nilifagia mahali palipokwisha kufagiwa, nikamwaga maji yasiyo machafu, mpaka mama akanipokonya ufagio. "Wee mutoto, iko nini kwenye hiyo miguu yako?" Kulikuwa na kitu, tena kila mtu nyumbani alikijua. Nilitaka kwenda Kindu, mji mkuu wa mkoa wetu, kwenye chuo kikuu, kusomea kilimo. Baba alikuwa amekataa.

Nisimsingizie baba, hakuwa adui wa masomo. Yeye ndiye aliyenibeba kwenye baiskeli kunipeleka shule ya msingi, mvua ikitunyeshea wote wawili. Ila alikuwa na swali moja, na kila nilipotaja Kindu alilitoa: "Utaenda kwa nani?" Kindu hatukuwa na mjomba, hatukuwa na ndugu aliyeolewa huko, hatukuwa hata na jirani aliyehamia. Kwa baba, msichana hatoki tu nyumbani akaenda mahali. Anaenda kwa watu, na hao watu wawe wamekuja kwanza kumwomba, wajulikane sura na makwao.

"Nitaenda kwa iniversite, baba."

"Iniversite si mutu. Ukiugua, iniversite itakupikia uji?"

Nilimjibu kwa hasira kwamba uji nitajipikia mwenyewe. Akacheka, akachukua kofia yake, akaenda zake msikitini. Wallahi nilitamani kuvunja chungu.

Aliyenipa tumaini ni prefe, mkuu wa shule yetu. Aliniambia kwamba wanafunzi wa Kasongo na Kabambare wanaosoma Kindu wana chama chao, mutuelle, na kwamba kila likizo kubwa mutuelle hutuma watu vijijini kuzungumza na wazazi. Ndiyo kazi yake: kupokea wanafunzi wapya, kuwasindikiza kwenda kuandikishwa, kumpeleka hospitali aliyeugua. Wana hata nyumba ya kulala, yenye chumba cha wasichana. Chumba hicho kilikuwa karibu kitupu, maana wazazi wengi wa kwetu wana swali lile lile la baba yangu. Prefe akawapigia simu kuwapa habari yangu, nami nikangoja. Mimi na kungoja hatuelewani hata kidogo.

Walikuja wawili juu ya pikipiki moja, vumbi jekundu mpaka kwenye nyusi. Mmoja alikuwa prezida wa mutuelle, kijana mrefu wa Kasongo mjini, mwenye viatu vilivyochongoka. Mwenzake, mfupi, alizaliwa Salamabila kwenye machimbo ya dhahabu, na alikuwa anacheka ovyo. Watoto wa mjini, wote wawili. Mwaka uliotangulia mutuelle ilimtuma kijana mmoja akaingia kwa mzee wa watu mikono mitupu, akaanza kuhubiri faida za elimu hata kabla ya kupewa kiti, akafukuzwa. Safari hii wakajiambia watakuja kwa heshima. Mtu fulani wa Kasongo akawashauri: kama ni mtoto wa kike, bebeni jogoo, bebeni na kikwembe cha shangazi, kitenge kipya cha kumvisha. Wakabeba. Hawakuuliza vitu hivyo kwetu vina maana gani.

Kwetu vina maana moja tu. Jogoo na kikwembe cha shangazi ni mtu amekuja kuomba mke. Na siku ile ya kwanza mgeni wa namna hiyo haruhusiwi kusema neno lake. Anapokelewa, anakula, anapumzika, ataongea kesho. Baba wa msichana akimchinja jogoo na akamla, amekubali. Kwa hiyo prezida alipofungua mdomo, "Papa, sisi tumetoka...", shangazi, dada mkubwa wa baba, alimnyamazisha kwa mkono. "Kesho, baba. Leo mupumzike." Wale wakatazamana, wakafurahi. Walidhani ni ukarimu.

Mimi nilikuwa kisimani. Niliporudi na ndoo kichwani nikaona pikipiki, moyo uliruka. Nikaona manyoya mekundu kwenye jivu la jikoni, sikuwaza kitu. Mgeni huchinjiwa kuku. Nilitwanga sombe, majani ya muhogo, huku naimba. Halafu nikamchungulia baba, nikamwona anakula paja la kuku, anatabasamu, anamsukumia prezida firigisi. Nikajiambia, kumbe watu wa mutuelle ni wachawi, wamemgeuza mara moja!

Asubuhi shangazi akaniita chumbani. Alikuwa amekwisha kuvaa kikwembe kipya. Akaanza kunipaka mafuta mikono na miguu kama mtoto mchanga, na kila nilipojinyonganyonga akanipiga kofi la paja. "Tulia basi! Naona ni yule murefu. Yule mufupi anachekacheka sana, si mume."

"Mume wa nani?"

Shangazi alicheka mpaka akashika mbavu. "Mume wa nani! Wamama, sikieni huyu!" Na nje kweli nikasikia majirani wanajaribu vigelegele.

Nikasimama, nikakaa, nikasimama tena. Nikinyamaza, nitaondoka Wamaza kama mchumba wa kijana ambaye sidhani hata jina langu alilishika vizuri, na siku uongo ukijulikana baba hatataka kuniona. Nikisema, baba ataaibika mbele ya kijiji kizima kwa jogoo aliyekwisha kumla, na Kindu nisahau. Uandikishaji ulikuwa unakaribia kufungwa, hapakuwa na nafasi ya kungoja hasira ipoe. Shangazi alinishika kikwembe, nikamponyoka. Nilitoka miguu inang'aa mafuta, kichwa wazi, nikasimama mbele ya baba, wageni, na wazee wa msikiti walioitwa kushuhudia.

"Baba, hawa hawakuja kunioa. Ni watu wa mutuelle. Wamekuja kukuomba niende kusoma."

Prezida alishtuka hata kiti kikalia. "Kuoa? Nani anaoa? Papa, mimi niko na muchumba wangu Kasongo!" Mwenzake wa Salamabila akaziba mdomo kwa kofia, akashindwa, akakimbilia nyuma ya nyumba kucheka. Mzee mmoja akasema astaghfirullah. Vigelegele vilikatikia njiani.

Baba hakucheka. Niliogopa, nasema kweli. Akamgeukia prezida.

"Ile kuku ilikuwa ya nani?"

"Ya mutuelle, Papa. Tulichanga wote."

"Na kikwembe?"

"Ya mutuelle."

"Hiyo mutuelle iko na nyumba?"

"Iko na nyumba, Papa."

"Mutu akiugua?"

"Tunamupeleka hospitali. Tunakaa naye kule mpaka apone."

Baba akawa anasugua goti lake, anafikiri. "Kuku nimekula," akasema, "na siwezi kuirudisha. Mutuelle ndiyo ilileta, basi mutuelle ndiyo imeniomba mutoto. Nimewapa. Lakini mushike vizuri: nimewapa namna watu wanavyopeana mutoto wa kuolewa. Siku akirudi hapa analia, nitakuja kuuliza." Prezida akaitika ndiyo, ndiyo Papa, bila kujua anaitikia nini. Shangazi alikuwa mlangoni ameshikilia kikwembe chake kwa mikono miwili, asije mtu akakidai.

Hivyo ndivyo nilivyofika Kindu. Nilikipenda chuo kama kichaa. Kwenye ukumbi viti havikutosha, nikawa nasikiliza nimesimama, na kusimama kunanifaa. Lakini kila Jumapili mutuelle ilikuwa na mkutano, na kwenye mkutano wavulana walikaa wakajadili, na wasichana, yaani mimi na mwenzangu mmoja, tulipika. Ukipeleka ugali unaambiwa asante, mlango unafungwa. Nilivumilia, na kwangu kuvumilia ni kazi ngumu kuliko kulima. Jumapili moja nikaingia mikono mitupu, nikavuta kiti, nikakaa. Prezida akauliza chakula kiko wapi.

"Mimi nilikuja kusoma. Anayesikia njaa, jikoni anapajua."

Aka! Ilikuwa kelele. Prezida akasema mtu asiyeheshimu kamati hawezi kulala kwenye nyumba ya kamati. Nikafunga mzigo wangu siku ile ile. Maprofesa nao walikuwa wameanza mgomo, watu wengi walikuwa wanaondoka mjini, hakuna aliyeniuliza naenda wapi. Nikapanda pikipiki mpaka Kasongo, kutoka Kasongo mpaka Wamaza, na njia nzima nilikuwa naapa kwamba sitalia.

Baba alikuwa uwanjani anachonga mpini wa jembe. Akaona mzigo. "Wamekufukuza?"

Nikalia.

Nilingoja aniambie alinionya. Mama naye alisimama mlangoni anangoja hivyo hivyo, nilimwona. Baba akaweka mpini chini, akaingia ndani, akatoka amevaa kanzu yake ya Ijumaa. "Yule murefu, kwao ni wapi?"

"Kasongo. Lakini baba, mutuelle si namna hiyo, iko na kamati, iko na..."

"Nilisema nitakuja kuuliza. Twende."

Ee Mungu wangu, aibu niliyoisikia njiani! Tulikaa watatu juu ya pikipiki, mwendeshaji, baba katikati na kanzu yake imefungwa kiunoni, mimi nyuma na mzigo wangu mgongoni. Kila tulipopunguza mwendo kwenye tope nilifikiria kuruka nikimbilie msituni. Nilijiona nimekwisha. Kesho chuo kizima kitasimuliana kwamba baba yangu alikuja na kanzu kuwasuluhisha wanafunzi.

Kwa sababu ya mgomo prezida naye alikuwa amerudi nyumbani kwao. Tulimkuta uani anasugua viatu vyake vile, na alipomwona baba kiatu kilimponyoka. Baba yake alitoka, mzee wa kanisa, mpole, akatupa viti, akaagiza chakula. Baba akakataa chakula. Mwenye kuja kuuliza hawezi kula kwanza.

"Ndugu yangu," baba akamwambia, "kijana yako na wenzake walikuja kwangu, wakaniomba mutoto, nikawapa. Leo amerudi na muzigo wake. Nimekuja kusikia, amefanya nini?"

Mzee akamtazama mwanawe. Prezida akaokota kiatu chake. "Papa, huyu iko na mudomo. Alinivunjia heshima mbele ya watu."

Nilikuwa nimekwisha kufungua mdomo huo wenyewe. Baba akainua kidole, nikaufunga.

"Mudomo aliutoa kwangu. Sikuwaficha. Mulimusikia pale Wamaza, kichwa wazi, mbele ya wazee. Mulimuchukua na mudomo wake. Mimi niko nauliza kitu ingine. Anakosa kuingia masomo?"

"Hapana, Papa."

"Anashindwa?"

"Hapana. Iko kati ya wa mbele."

"Basi. Mimi niliwapa mutoto wa kusoma. Kama mulitaka mupishi, mungeniambia, ningewaambia huyu muache, bugali yake iko na mabonge."

Mzee wa kanisa aliangua kicheko, akampiga mwanawe bega. Prezida akamwomba baba msamaha, baba akamwambia, "Si mimi," prezida akageuka akaniomba mimi, macho chini. Akasema chumba ni changu na Jumapili kiti ni changu. Mimi sikuwa nasikia sawasawa. Nilikuwa bado nasikia yale maneno ya baba, "mutoto wa kusoma". Baba yangu alikuwa hajawahi kunisemea hivyo, wala mimi sikujua kwamba anaweza kuulizia habari zangu kwa namna ile. Nililia tena, mbele yao wote, na sikujali.

Wakati wa kuondoka nikakimbilia pikipiki. Nilitaka sana kwenda Wamaza, nilale nyumbani mpaka mgomo uishe, nile kwa mama. Baba akaweka mkono juu ya kiti.

"Unaenda wapi?"

"Nyumbani, baba."

"Mambo yako imetengenezwa. Rudi kwako."

"Lakini maprofesa hawafundishi!"

"Utawangojea kule kule. Mutoto aliyepeanwa hangojei kwa baba yake."

Akapanda, akatengeneza kanzu yake, akamgusa mwendeshaji bega. Nilisimama na mzigo wangu mpaka mlio wa pikipiki ukaisha upande wa soko. Kesho yake nilikuwa njia ya Kindu. Baadaye mgomo uliisha, masomo yakaendelea, nilipata kila kitu nilichokuwa nakitaka, na tangu siku ile sijawahi tena kuingia Wamaza bila mama kunipokea mzigo, kunipa kiti, na kuniuliza kwa adabu nitarudi kwangu lini.