Mpiga Kengele na Pigo la Mwisho

Nimepika katika shule ile ya binafsi ya wavulana miaka ishirini na sita, kwa hiyo msinibishie: mpiga kengele kama yule sijaona. Kengele yenyewe ilikuwa kipande cha reli. Kwanza hufuta nyundo kwa kitambaa, hukohoa kama anayetaka kuhutubia, kisha hupiga mapigo kumi na mawili ya chakula cha mchana, yamepangana sawasawa hata walimu wakirekebishia saa zao. Pigo la mwisho likilia, mlango wa bwalo unafungwa, na aliye nje ashinde na njaa.

Mwaka mmoja akaja mwanafunzi mwenye mguu mbovu, na bweni lake ndilo la mbali kuliko yote. Tangu hapo pigo la mwisho likawa linasubiri. Mzee huinua nyundo, akamtazama mtoto anavyojikokota, na akishavuka kizingiti tu, ngaa!

Siku moja mwalimu wa zamu, kijana wa saa kubwa mkononi, akamfuata. Mimi niko dirishani na upawa wangu, roho juu, maana ukweli ukitoka mtoto atafungiwa nje.

"Mzee, siku hizi unachelewa."

Yule mtu, aliyeniteremshia sufuria la maharage peke yake asubuhi ile ile, akauachia mkono ukaning'inia kama nguo mbichi.

"Uzee, mwalimu wangu. Nyundo imekuwa nzito."

Mwalimu akamwonea huruma. "Basi uwe unapumzika kidogo kabla ya pigo la mwisho."

"Ahsante, mwanangu. Nitajitahidi."