Wakanada wa Baba

Mwezi uliopita nilikuwa natoka dukani hapa Jakobsberg, Uswidi, mfuko wa viazi mkononi, nikamkuta mama mmoja wa manispaa anakata nyasi karibu na kituo cha treni. Harufu ya nyasi mbichi iliyochanganyika na petroli ilinisimamisha hapo hapo. Watu wengi huipenda harufu hiyo, husema ndiyo harufu ya kiangazi. Mimi siipendi. Nitawaeleza kwa nini, ingawa nyumbani kwetu habari hii hatuigusi, na mama yangu akijua nimeiandika atauliza kama sikuwa na kazi nyingine.

Baba alikuwa akirudi nyumbani na harufu hiyo kila siku, kuanzia Aprili mpaka Oktoba. Tulikaa mtaa wa Hallunda, ghorofa ya sita, baba, mama na mimi. Kazi yake ilikuwa kukata nyasi kwenye uwanja mmoja wa gofu upande wa Tumba, akiendesha mashine kubwa yenye kiti na usukani. Wenzake wa kanisani, Warundi kama sisi, walimtania kwamba amejiingiza katika mchezo wa matajiri wanaotembea siku nzima nyuma ya kimpira. Alikuwa na jibu lake. "Wao wanatembea," alisema. "Mimi ninaendesha."

Mdogo wake, baba mdogo Fideli, alikuwa Kanada. Walikuwa wamekaa pamoja miaka mingi katika kambi ya wakimbizi Tanzania, wakaomba pamoja kupelekwa nchi yoyote ile, na majibu yalipokuja mmoja akapewa Kanada na mwingine Uswidi. Walipigiana simu kila wiki. Lakini ndugu wawili waliotoka walikotoka wao, wakianza kuzungumza, mazungumzo huenda mahali ambapo hakuna anayetaka kufika. Kwa hiyo baba akaleta gofu. Alimwambia Fideli kuna Wakanada watatu wanne wanaocheza mashindano makubwa Amerika, awatazame, naye atawatazama huku, halafu watakuwa na la kusema. Fideli hakujua lolote kuhusu gofu. Baada ya mwaka mmoja alikuwa akibishana kuhusu upepo.

Mpendwa wa baba alikuwa mchezaji mmoja mwenye mabega mapana aliyevaa kofia nyekundu siku zote. Jina lake lilimshinda baba kulitamka, basi tukamwita Kofia. Kofia hakuwa bora sana. Wiki nyingi alitolewa kwenye mchujo wa Ijumaa, unaobakiza wachezaji bora kwa siku mbili za mwisho, nasi tukakaa na Jumapili tupu. Akipita mchujo, alikuwa chini kabisa ya orodha, na walio chini huanza kucheza mapema. Kwa saa za Uswidi hiyo ilikuwa alasiri, mara tu baada ya chakula cha kutoka kanisani. Baba alisema Mungu ametupendelea: tungekuwa mashabiki wa washindi, tungekesha.

Nilikuwa na miaka kumi. Nilikaa kwenye zulia, mgongo ukiegemea magoti yake. Yeye alitazama nyasi kuliko wachezaji. "Hii wameikata jana, si leo," alisema. Au, "Ona pale, wameimwagilia mno." Mimi nilimjibu kwa Kiswidi kama watoto wote wa mtaa wetu, naye alijifanya hasikii mpaka nirudie kwa Kiswahili.

Sikumbuki siku gani alianza kuuliza mpira umeangukia wapi. Mpira wa gofu kwenye runinga ni kitu kidogo, huruka angani ukawa nukta, na hata mimi niliupoteza. Nilimwonyesha, akasema "ahaa." Majira ya kuchipua mwaka ule aliuliza kila pigo. Kisha akaanza kuuliza pia Kofia yuko nafasi ya ngapi, na jibu lilikuwa limeandikwa pale pale, pembeni mwa runinga, kwa maandishi meupe.

Kulikuwa na mambo mengine. Mama alimwekea baba kikombe cha chai upande wa kulia, naye akakipiga kwa kiwiko kana kwamba hakipo. Akakipiga kingine wiki iliyofuata. Nilimpa chumvi mezani, mkono wangu ukabaki hewani, naye akawa anauliza chumvi iko wapi. Alianza kushuka ngazi za mtaani akishika chuma. Siku moja alirudi kazini akatusimulia, akicheka, kwamba bosi wake amemwita kumwonyesha ukanda mrefu wa nyasi aliouruka katikati ya uwanja. "Amesema nimeunyoa uwanja kama kinyozi mlevi," baba alisema. Mama alicheka mpaka akafuta machozi. Mimi nilikuwa namtazama baba usoni, na kicheko chake kiliishia mdomoni.

Jumamosi moja ya Mei alinichukua kwa gari kwenda kuniringia mashine mpya ya kazini. Mvua ilikuwa imetoka kukatika. Karibu na Tumba kuna kivuko cha waenda kwa miguu, na pembeni yake, upande wangu, alisimama mwanamke mwenye koti la mvua la njano akiwa na kigari cha mtoto. Nilimwona tangu mbali. Akatutazama, akaanza kuvuka. Nilisubiri baba apunguze mwendo. Alikuwa akiimba polepole wimbo wa kanisani, na gari likaenda vile vile.

"Baba!" nilipiga kelele. "Baba, simama!"

Alikanyaga breki kwa nguvu, mkanda ukanikata shingoni. Gari lilisimama kigari kikiwa mbele yetu kwa umbali usiozidi mkono wa mtu mzima. Yule mwanamke alipiga boneti kwa kiganja mara moja. Aliinama, akatazama ndani ya kigari, akaondoka mbio.

"Ametokea wapi?" baba aliuliza.

"Alikuwa hapo," nilisema. "Alikuwa amesimama hapo muda wote."

Mikono yake ilibaki kwenye usukani. Gari la nyuma yetu lilipiga honi, naye hakusogea. Mwishowe alisema, bila kugeuka, "Mama yako asijue, mwanangu. Atapandwa na presha bure." Nikasema sawa. Hatukufika kwenye mashine. Tuligeuza tukarudi, na njia nzima nilitaja kila nilichokiona: baiskeli, mzee, taa nyekundu, mbwa. Hakuna aliyeniomba. Nilitaja tu, naye hakunikataza.

Tangu siku hiyo nilikaa kiti cha mbele kila tulipotoka, na kama mama yupo nilikaa nyuma katikati, kichwa nimekichomeka baina ya viti vyao. Mama alidhani nimekuwa mtoto wa maneno mengi. Usiku sikulala vizuri. Nilikuwa naona koti la njano, na katika ndoto sikuwahi kupiga kelele.

Jumapili zikawa ngumu. Baba alikuwa mkimya, na Kofia alicheza vibaya. Kila mpira uliopotea, baba alishuka kidogo kitini, kama mtu anayeambiwa habari inayomhusu yeye. Sikuweza kuvumilia. Siku moja Kofia alipiga mpira ukaenda mchangani. Baba aliuliza umeangukia wapi. Nikasema, "Karibu na shimo, Baba. Karibu kabisa." Akaketi vizuri. "Huyo ndiye Kofia," alisema, akanipapasa kichwa.

Ilikuwa rahisi kuliko nilivyofikiri. Nilirekebisha pigo moja, halafu mawili, halafu nikawa namchezea Kofia mchezo mzima. Watazamaji wa kule wakiguna, nilisema wanamgunia mwingine. Nilipandisha nafasi yake kwa kiasi, kutoka ya hamsini mpaka ya thelathini, kwa sababu nilijua uongo mkubwa hauna maisha. Baba alifurahi. Alikula vizuri. Na Jumatatu asubuhi alichukua funguo za gari akaenda kazini peke yake, bila mtu wa kumtajia baiskeli. Nilisimama dirishani ghorofa ya sita nikilifuata gari lake kwa macho mpaka linapokata kona. Kila nilipokuwa shuleni na ving'ora vikapita barabarani, nilihesabu pumzi zangu.

Mwishoni mwa Julai Kofia alipita mchujo tena. Jumapili ile mama alikuwa jikoni anakaanga ndizi, mlango wazi. Kofia alifika kwenye shimo lenye bwawa mbele yake, akapiga, na mpira ukatumbukia majini. Maji yaliruka, yakatulia. Nilisema, "Umevuka, Baba. Uko kwenye nyasi fupi."

Simu ikalia papo hapo. Baba aliiweka mezani kwa sauti ya wote, kama kawaida yake.

"Kaka!" Fideli alipaza sauti. "Umeona huyu mtu wetu?"

"Nimeona," baba alisema. "Pigo zuri sana. Amevuka maji kama mchezo."

Kisha Fideli akacheka. "Kaka, unatazama mchezo gani? Mpira umezama! Hata samaki wameuona!"

Kwenye runinga walikuwa wanarudia pigo lile polepole, mpira ukishuka, maji yakifunguka. Mama alikuwa ametoka jikoni, mwiko mkononi, mafuta yakidondoka kwenye sakafu. Alitazama runinga, akanitazama mimi, akamtazama baba. Mama alifanya kazi ya kutunza wazee. Alikuwa ameona macho mengi yakizimika.

"Fideli, tutakupigia," alisema, akakata simu.

Alikwenda kusimama kando ya kiti cha baba, upande wa kulia, akanyoosha mkono usawa wa sikio lake. "Tazama mbele tu, Baba Alina. Hivi ni vidole vingapi?"

"Acha michezo."

"Vingapi?"

"Viwili," baba alisema.

Vilikuwa vitano. Mama aliusogeza mkono mbele kidogo, akauliza tena, akasogeza tena. Ulipokaribia pua yake ndipo alipopatia. Akaenda upande wa kushoto. Kule kulikuwa na nafuu, si sana. Ndizi ziliungua jikoni, moshi ukaingia sebuleni, na hakuna aliyekwenda kuzima.

"Tangu lini?" mama aliuliza. Nilidhani anamuuliza baba. Kumbe alikuwa ananiangalia mimi.

Nikasema yote. Koti la njano, kigari, ahadi, mipira ya uongo. Nililia nikisema, na lugha zikachanganyika kinywani mwangu. Baba alikaa mikono magotini kama mtoto aliyeitwa na mwalimu. Nilipomaliza, mama alichukua funguo za gari kutoka kwenye msumari wa mlangoni akazifunga kwenye pindo la kanga yake. Hakumfokea. Nilitamani amfokee.

Wiki mbili baadaye tulikaa watatu mbele ya daktari wa macho, mwanamke wa makamo mwenye sauti ya chini. Alisema ni presha ya macho, kwamba ugonjwa huu huja bila maumivu na huanza kula pembeni, na mtu huzoea. Matone yangeweza kulinda kilichobaki. Leseni ya kuendesha ilibidi irudishwe. Baba aliuliza, kwa Kiswidi chake kizuri cha miaka yote ile kazini, kama kile kilichopotea kinaweza kurudishwa kwa operesheni. Daktari alijibu. Halafu baba akanigeukia.

"Amesemaje?"

Baba alikuwa ameelewa kila neno, sote tulijua. Lakini alinikazia macho yale, akingoja. Nilijua ningeweza kusema lingine. Nilikuwa na mazoezi ya miezi mitatu.

"Amesema hakirudi," nilisema. "Kilichopotea kimepotea, Baba."

"Haya," alisema. Alinishika mkono, akamwambia daktari asante.

Kazi ya mashine ilikwisha. Alipata ya kufunga na kupanga bidhaa kwenye ghala moja, ndani, chini ya taa kali, na harufu ya nyasi ikatoka katika nguo zake. Bado anaona kiasi, kama mtu anayechungulia kwenye tundu la ufunguo. Miaka mingi nilibeba hesabu moja kichwani: Mei mpaka Julai, ni kiasi gani kilipotea katika miezi ile ambayo mimi nilikuwa naona kwa niaba yake na kunyamaza. Nilipokuwa mkubwa nilimwuliza kama alijua ninamdanganya.

"Watazamaji wanaguna mpira ukipotea," alisema. "Sikio langu lilikuwa zima."

"Kwa nini basi hukusema?"

Akasema kwamba kila Jumapili alikuwa anajipima. Aliniuliza mpira ulipo ili alinganishe na alichokiona mwenyewe, na kila wiki tofauti ilikua. Nilipoanza kumpa majibu mazuri aliyapokea, kwa sababu alikuwa mtu mzima anayeogopa, na aliyekuwa tayari kuogopa pamoja naye nyumbani alikuwa mtoto wa miaka kumi.

Wakati ule nilidhani ninamlinda baba asihuzunike. Sikuelewa kwamba mtu mzima anaweza kujificha nyuma ya mtoto, akijua kabisa anachofanya, na bado akampenda mtoto huyo kuliko kitu chochote. Wala sikuelewa kilichotokea kwa daktari. Miaka yote nilidhani ameniadhibu kwa kunilazimisha nilitamke jambo lile. Leo nina binti wa rika lile, na ninajua alikuwa ananitua mzigo, kwa njia pekee aliyoijua: aliniacha niseme kweli mara moja, mbele ya watu, nione kwamba hajaanguka.