Ushuhuda Uliotangulia

Nilikwenda Beni na swali moja tu, na wala halikuwa la kumuuliza yule dada niliyemfahamu kwenye simu. Lilikuwa la kumuuliza mume wake.

Tulikutana kwenye kundi la maombi la simu, akina mama wa Butembo, Beni, Kayna, hata Kasindi. Mimi ni Mkatoliki, nauza maharagwe sokoni Butembo, na mdomo wangu hauna breki. Wenzangu wa parokia walinionya nisichanganyike na watu wa makanisa ya uamsho. Niliwaambia waniache. Tangu watu wenye silaha wamchukue mwanangu akivuna kakao kwa mjomba wake, karibu na Oicha, ningeomba na yeyote.

Yule dada alikuwa mke wa mwalimu aliyetumwa Beni kutoka Kasai. Mume wake naye alichukuliwa, barabarani. Kila alfajiri alituma sauti akimlilia Mungu, nami nikiisikiliza huku nawasha makaa. Kisha asubuhi moja akatangaza kwamba mume amerudi, ametoka msituni mzima, Mungu apewe sifa. Kundi zima lilishangilia. Mimi nilikaa juu ya gunia la maharagwe. Kama mtu ametoka kule, basi amewaona waliobaki.

Nikamwandikia pembeni kwamba nakuja kumsalimia mume wake. Alichelewa kujibu. Mwishowe akaandika, "Karibu, mama," basi. Nilidhani ni uchovu wa furaha.

Mwanangu ana kigugumizi. Akiogopa ndiyo mbaya zaidi, neno linakwama mdomoni na macho yanamtoka. Sisi nyumbani tunamsubiri. Lakini wale wa msituni wakimuuliza kitu, si watadhani anakataa kujibu? Hilo ndilo lililokuwa likinimaliza, kuliko njaa yake, kuliko baridi.

Binti zangu walinikataza ile barabara ya Beni. Nilipanda pikipiki nyuma ya malori yaliyosindikizwa na wanajeshi, na kuku mapajani, maana huwezi kwenda mikono mitupu kwa mtu aliyerudi.

Mlangoni kulikuwa na viatu vya mwanaume, vimepigwa brashi vikang'aa. Nikajua yumo ndani. Dada mwenyewe alikuwa mdogo kuliko sauti yake, mwembamba. Akanipa kiti.

"Bwana iko wapi?" nikauliza hata kabla ya kukaa vizuri.

Alimtazama kuku, akaanza kulia.

"Mama, hajarudia. Nilitoa témoignage, ule ushuhuda, kwa imani. Pasteur alisema tutangaze mbele, hata kama bado, njo Mungu anafanya."

Nilimtukana. Yale matusi yalikuwa ya sokoni, siyarudii hapa. Nilimuuliza kama Mungu wao ni motari wa pikipiki, analipwa mbele ndipo aondoke. Nilimwambia nimepita ile barabara kwa ajili ya viatu vitupu. Hasira yangu ilikuwa kubwa, na chini yake kulikuwa na woga, kwa sababu sasa hakukuwa na mtu mwingine wa kumuuliza.

Hakujitetea. Alisema tu, "Batu ya groupe balikuwa banachoka. Kila siku maombi ni ile ile. Hapa mimi hapana na ndugu, mama. Kama banachoka, nani atamuombea?"

Kuku alilala chini ya meza, miguu imefungwa. Pikipiki ilikuwa bado nje, motari akiongea na majirani. Nikasimama.

"Ulikuya kumuuliza nini?" akasema.

Ningeweza kwenda zangu. Lakini lile swali lilikuwa limenikaa kooni tangu Butembo, nikaketi, nikamweleza habari ya kigugumizi.

"Nilipenda kujua kama bale batu banamungoja amalize kusema," nikamwambia.

Alipangusa uso kwa kitenge. Akanitazama.

"Banamungoja, mama."

"Habamupigi?"

"Hapana. Banamungoja mupaka anamaliza."

Nilijua hajaona kitu. Hajakanyaga msitu ule, hamjui mwanangu hata sura. Nikasogeza kiti karibu naye, nikamuuliza tena.